Ukurasa Unaojibu

Katika GOV.UK, tovuti ya serikali ya Uingereza, kuna ukurasa wa sikukuu za umma. Ukiufungua, macho yanatua moja kwa moja kwenye tarehe iliyoandikwa kwa herufi kubwa: sikukuu inayofuata. Chini yake ndipo zinapokuja orodha za mwaka huu na ujao, zikiwa zimetenganishwa, maana Scotland na Ireland ya Kaskazini zina sikukuu ambazo England na Wales hazina. Kisha kuna kiungo cha kuziingiza tarehe hizo kwenye kalenda ya simu yako. Hakuna picha wala salamu za waziri, na historia ya sikukuu yenyewe haimo.

Siku ya sikukuu ikifika, juu ya ukurasa huo hutundikwa vibendera vya kuchorwa, kesho yake vinaondolewa. Ukichungulia faili ya data nyuma ya ukurasa, utakuta kila sikukuu ina sehemu inayosema kama vibendera vitundikwe au visitundikwe. Ijumaa Kuu imewekewa hapana. Siku ya mazishi ya Malkia Elizabeth, 19 Septemba 2022, ambayo ilifanywa mapumziko, nayo iliwekewa hapana. Yupo mtu aliyekaa akafikiri kwamba siku ya msiba haipambwi, akaliandika hilo ndani ya msimbo.

Mtu akipata alichokitafuta, haulizi ni nani aliyekiweka karibu na mkono wake. Anafunga ukurasa na kuendelea na shughuli zake. Ndiyo maana mbunifu wa tovuti aliyefanya kazi vizuri hasifiwi sana, na ndiyo maana naona inafaa tuitazame kazi yake polepole.

GOV.UK ilizinduliwa rasmi tarehe 17 Oktoba 2012. Kabla ya hapo mwananchi alihangaika kati ya Directgov, iliyohudumia raia, Business Link, iliyohudumia wafanyabiashara, na mamia ya tovuti za wizara na taasisi, kila moja na sura yake na namna yake ya kusema. Mwaka 2010 Martha Lane Fox, mfanyabiashara wa mtandaoni aliyepewa kazi ya kuitathmini Directgov, aliishauri serikali ivunje na kujenga upya. Kikaundwa kitengo cha Government Digital Service, na kanuni ya kwanza ya wabunifu wake ikawa kwamba kazi ianze na mahitaji ya mtumiaji. Kanuni hiyo kila ofisi duniani inaweza kuibandika ukutani. Hawa waliifuata hadi kwenye herufi na vitufe.

Walikubali kwanza jambo ambalo wabunifu wengi bado wanalipinga: ukurasa wa mbele wa tovuti yao ni Google. Kampuni nyingi hutumia miezi kubishana kuhusu ukurasa wa mwanzo, picha gani ikae juu na nembo iwe kubwa kiasi gani, ilhali mgeni haji kwa njia hiyo. Anaandika swali lake kwenye simu, anagusa jibu mojawapo kati ya yale aliyoletewa, na anajikuta katikati ya tovuti ambayo hajawahi kuiona. Kwa hiyo kila ukurasa lazima usimame peke yake. Kichwa chake kijitosheleze, na sentensi ya kwanza ianze kujibu.

Mwongozo wa waandishi wa GOV.UK unataka kichwa cha ukurasa kisizidi herufi 65, nafasi zikihesabiwa, na muhtasari usizidi 160, kwa sababu injini za utafutaji hukata kinachozidi. Unataka neno lenye uzito litangulie, na vichwa viwili visifanane. Unakataza kwa nguvu orodha za maswali yanayoulizwa mara kwa mara, nami nakubaliana nao kabisa. Kama swali linaulizwa mara kwa mara, jibu lake lilistahili kuwa ndani ya ukurasa tangu mwanzo. Na kabla ukurasa haujachapishwa, mtu wa pili huusoma kwa jicho jipya.

Mahali ninapowavulia kofia zaidi ni kwenye uchaguzi wa maneno. Kodi ya magari ya Uingereza kisheria inaitwa Vehicle Excise Duty. Barabarani watu husema car tax au road tax, na hivyo ndivyo wanavyoandika wanapotafuta. Ukurasa wa kuilipa umepewa kichwa kinachosema tu lipia gari lako kodi. Wanasheria wana jina lao na wana haki nalo, lakini mwenye gari haanzi na sheria. Hata kwetu ni hivyo. Tanzania, hati rasmi zitasema Namba ya Utambulisho wa Taifa; mwananchi ataandika "namba ya NIDA". Mbunifu anayejua kazi husoma kumbukumbu za utafutaji wa tovuti yake kila wiki, anaona watu wanaliitaje jambo lao, kisha analiita hivyo hivyo. Waandishi wa kitengo kile waliipa kazi hiyo jina, ubunifu wa maudhui, na Sarah Richards aliyewaongoza akaiandikia kitabu mwaka 2017.

Hapo ndipo kupatikana kwenye Google na kutumika kwa urahisi kunapokutana. Kazi inayoitwa SEO, yaani kuufanya ukurasa uonekane kwenye injini za utafutaji, ina jina baya, na jina hilo ilijitafutia yenyewe. Kulikuwa na zama za kuficha maneno meupe juu ya mandhari nyeupe, kurudia neno moja mara hamsini chini ya ukurasa, na kununua viungo kutoka tovuti ambazo hakuna anayezisoma. Google ilitangaza mwaka 2009 kwamba orodha ya maneno muhimu inayofichwa kwenye kichwa cha msimbo haiitumii kupanga matokeo. Mwaka 2011 ikaja na Panda, badiliko lililoshusha kurasa zisizo na kitu ndani. Mwaka 2012 Penguin ikawashukia wauza viungo. Ujanja bado upo, na utakuwepo. Ila sehemu ya SEO inayodumu ni ileile inayomsaidia msomaji: kichwa cha kweli, vichwa vidogo vilivyopangwa kwa mantiki, picha zenye maelezo ya maneno, kurasa zinazofunguka haraka.

Chukua kiungo. Tovuti zetu za Kiswahili zimejaa "bofya hapa". Mtu asiyeona anatumia programu ya kusoma skrini, na mara nyingi huiomba imsomee viungo vya ukurasa peke yake ili achague pa kwenda. Atasikia: bofya hapa, bofya hapa, bofya hapa. Roboti ya Google inayopita kukusanya kurasa nayo iko katika hali hiyohiyo, maana maneno ya kiungo ni mojawapo ya ishara zake za kujua ukurasa unaofuata unahusu nini. Andika "Omba cheti cha kuzaliwa" ndani ya kiungo na umewahudumia wote wawili, pamoja na bibi anayeona vizuri lakini ana haraka.

Kuna jambo jingine dogo linaloumiza zaidi. Kila ukurasa hutangaza lugha yake ndani ya msimbo, na violezo vingi vya tovuti huja vikiwa vimeandikwa en, yaani Kiingereza. Mbunifu anamwaga Kiswahili ndani na kusahau. Programu ya kusoma skrini inaamini ilichoambiwa, na msomaji kipofu anasomewa Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza hadi maneno yanakuwa kelele. Kurekebisha ni kubadili herufi mbili.

Kwenye fomu ndiko uvumilivu wa wabunifu wa GOV.UK unakoonekana vizuri. Mtanzania au Mkenya anayetaka kujua kama anahitaji viza kwenda Uingereza anakutana na maswali yanayokuja moja moja, kila moja kwenye ukurasa wake. Una pasipoti ya nchi gani? Unakwenda kufanya nini? Swali linalofuata hutegemea jibu lililotangulia, na mwisho anapewa majibu yanayomhusu yeye. Wabunifu wenye haraka wangeyabana yote kwenye ukurasa mmoja mrefu na kujisifu kwamba wamepunguza kubofya. Lakini mtu hachoshwi sana na kubofya akijua anakwenda wapi. Kinachomchosha ni kukodolea macho visanduku thelathini ambavyo ishirini havimhusu.

Au chukua tarehe ya kuzaliwa. GOV.UK huweka visanduku vitatu vya kuandika: siku, mwezi, mwaka. Orodha ya kubiringisha kutoka mwaka huu kurudi hadi 1948 ni adhabu kwa mzee mwenye simu ndogo na vidole vinavyotetemeka. Kuhusu visanduku vya tarakimu, mwaka 2020 timu yao ya usanifu ilieleza kwa nini iliacha kutumia aina maalumu ya kisanduku cha namba ambayo brauza huileta tayari. Moja ya sababu zao ni kwamba kwenye baadhi ya kompyuta, mtu akijaza namba kisha akazungusha gurudumu la kipanya ili ashuke chini ya ukurasa, namba aliyoandika hubadilika bila yeye kutambua. Mwombaji anawasilisha fomu yenye kosa ambalo hakulifanya. Wakarudi kwenye kisanduku cha kawaida cha maneno, wakakiongezea maelekezo yanayoifanya simu ilete kibodi ya tarakimu. Mtumiaji hakuona badiliko lolote.

Walipokuwa wakihamisha tovuti za zamani za wizara na taasisi, mpaka mwisho wa 2014 zaidi ya taasisi 300 zilikuwa zimeingia GOV.UK. Kila ukurasa wa zamani ulikuwa na anwani iliyokwisha kunakiliwa kwenye barua, vitabu, vipeperushi na tovuti nyingine. Wangeweza kuziacha zife. Wakajenga programu ya kuzipokea anwani hizo, wakaiita Bouncer, na kazi yake ni kumpeleka mgeni kwenye ukurasa mpya unaofanana na ule wa zamani, au kumwambia kwamba umeondolewa na kumwonyesha nakala iliyohifadhiwa kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa. Injini za utafutaji hufuata njia hizohizo, kwa hiyo heshima iliyojengwa na kiungo cha miaka kumi haikupotea. Watengenezaji wa tovuti waliowahi kufanya kazi hii wanajua jinsi inavyochosha: majedwali marefu ya anwani, mstari kwa mstari.

Terence Eden, aliyewahi kufanya kazi katika kitengo hicho, alisimulia mwaka 2021 habari ya mwanamke aliyemwona kwenye ofisi ya misaada ya nyumba akisoma kurasa za GOV.UK kwenye PSP, kile kifaa cha Sony cha kuchezea michezo. Kurasa zilifunguka kwa sababu ziliandikwa kwa msimbo mwepesi, usiotegemea mbwembwe. Mwaka uliofuata timu ya GOV.UK iliondoa maktaba ya msimbo iitwayo jQuery, ikapunguza kilobaiti 32 kwenye karibu kila ukurasa. Kwa mwenye intaneti ya nyumbani hicho si kitu. Kwa anayenunua bando la siku na kukaa mahali mtandao unapokatikakatika, ni tofauti kati ya ukurasa kufunguka na kutofunguka.

Hata herufi zao zina historia ya kupimwa kwa watu. Zimetokana na herufi ambazo Jock Kinneir na Margaret Calvert walizichora kwa ajili ya vibao vya barabara vya Uingereza. Katika majaribio ya zamani watu walikalishwa jukwaani kwenye uwanja wa ndege, gari likaja upande wao likiwa na vibao juu, ikapimwa wanavisoma wakiwa umbali gani. Mwaka 2013 Design Museum ya London iliipa GOV.UK tuzo ya usanifu bora wa mwaka. Ilistahili.

Wabunifu wa tovuti za Kiswahili, kazi hii haihitaji bajeti ya serikali. Jakob Nielsen aliandika mwaka 2000 kwamba majaribio na watu watano tu hufichua sehemu kubwa ya matatizo ya ukurasa. Tafuteni watano: mama wa duka, mwanafunzi, dereva, mzee, na mtu asiyeona. Wapeni simu, wapeni swali moja, kisha nyamazeni muwatazame. Someni maneno wanayoyaandika wanapotafuta, muyatumie. Ondoeni "bofya hapa" zote wiki hii. Na pale msimbo unaposema en juu ya ukurasa wa Kiswahili, andikeni sw.