Mshairi Mbele ya Mashine

Bibi Joy Buolamwini, mzaliwa wa Kanada na mtoto wa wazazi wa Kighana, alipokuwa akisoma MIT huko Marekani aliona kuwa mashine ya kutambua nyuso haikuuona uso wake mpaka avae kinyago cheupe. Uchunguzi alioutoa mwaka 1918+100, yaani 2018, pamoja na Timnit Gebru, ulionyesha kuwa mashine zilikosea jinsia ya wanawake weusi hadi mara 34.7 katika 100. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi 0.8.

Mwaka huo huo alitunga "AI, Ain't I a Woman?", jina likumbushalo hotuba ya Sojourner Truth ya 1851. Picha za Sojourner, Michelle Obama na Serena Williams zaonyeshwa mashine, nayo yakosea. Hapa pana nguvu ya mtungaji: tarakimu zasadikisha, bali uso wa mtu ajulikanaye wachoma. Pana na udhaifu. Ondoa picha, usome maneno matupu, na shairi lapungua. Malenga wetu wa majibizano walibebesha neno hoja yote. Katika *Unmasking AI* (2023), adaipo kuwa uso usipimwe bila ridhaa ya mwenyewe, nathari yasimama peke yake. Mashairi yaliyomo yangali yaitaka sauti yake.