Kifungu cha Fasili: Kimunya na Mswada wa Vyama vya Siasa wa 2021

Mswada wa Marekebisho ya Sheria ya Vyama vya Siasa uliojadiliwa katika Bunge la Taifa la Kenya kuanzia Desemba 2021 uligusa mambo mengi: kura za mchujo, orodha za wanachama, fedha za vyama, utatuzi wa mizozo. Uzito wake hasa, hata hivyo, ulikuwa kwenye kifungu cha fasili, mahali ambapo wasomaji wengi hupapita haraka. Maneno machache humo yaliruhusu muungano wa vyama usajiliwe wenyewe kama chama cha siasa, huku vyama vinavyouunda vikiendelea kuwa hai. Aliyeuwasilisha mswada huo na kuutetea hadi mwisho ni Amos Kimunya, mbunge wa Kipipiri na Kiongozi wa Wengi.

Ili kuelewa kwa nini fasili hiyo ilipiganiwa hivyo, ni lazima kutazama sheria ilivyokuwa kabla yake. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 inakataza mtu kuwa mwanachama wa vyama viwili kwa wakati mmoja. Anayejiunga na chama kingine au kukipigia debe huhesabiwa kuwa amejiuzulu chama chake, na kwa Ibara ya 103 ya Katiba mbunge wa namna hiyo hupoteza kiti. Miungano iliruhusiwa, ila ilikuwa mikataba tu. Katika uchaguzi wa 2017 vyama vya muungano wa NASA vilimuunga mkono Raila Odinga, lakini kwenye karatasi ya kura aligombea kwa tiketi ya chama chake cha ODM. Baadaye, kwa kuwa kura zilihesabiwa kuwa za ODM, fedha za Hazina ya Vyama vya Siasa ziliingia huko, na washirika wake wakabaki wakidai mgao. Ugomvi huo ulichangia sana kuuvunja muungano.

Hilo ndilo tatizo ambalo fasili mpya ililenga kulitatua. Chama cha muungano kingekuwa na tiketi yake ya urais, na mwanachama wa Jubilee au ODM angekipigia kampeni bila kuhama chama chake na bila kuhatarisha kiti. Hoja ya Kimunya ilikuwa na msingi: Kenya imetawaliwa kwa miungano tangu ule wa NARC mwaka 2002, na sheria ilikuwa imechelewa kuitambua hali hiyo ipasavyo.

Wapinzani, wengi wao wakiwa wafuasi wa Naibu Rais William Ruto, nao hawakuwa na hoja dhaifu. Walisema kanuni zinabadilishwa miezi michache kabla ya uchaguzi kwa manufaa ya mgombea mmoja, Odinga. Walisema pia Msajili wa Vyama anapewa mamlaka makubwa juu ya mambo ya ndani ya vyama, na kwamba mchujo wa kutumia wajumbe utawapa viongozi nafasi ya kuteua watu wao. Hoja ya wakati ilikuwa nzito kuliko zote, na upande wa Kimunya haukuijibu kwa kiasi kilichostahili.

Kimunya hakushinda kwa ufasaha wa hotuba. Alishinda kwa kuzijua Kanuni za Bunge na kuwa na idadi. Kwa kuwa Rais Uhuru Kenyatta na Odinga walikuwa wamepatana Machi 2018, Kiongozi wa Wengi na Kiongozi wa Wachache, John Mbadi, walikuwa upande mmoja katika suala hili. Waliopinga walibaki na silaha moja ya kweli, nayo ni muda. Mswada ukifika Kamati ya Bunge Zima, hujadiliwa kifungu kwa kifungu, na mbunge yeyote anaweza kupendekeza marekebisho. Wakapendekeza mengi mno.

Kila pendekezo lilikuwa na mzunguko wake. Mwenye pendekezo hulieleza, mwenye mswada hulijibu, kisha kura hupigwa kwa sauti za ndiyo na la. Wabunge 30 wakisimama kudai kura ihesabiwe, kengele hulia ili waliotoka warudi, milango hufungwa, na, kura ya kielektroniki isipotumika, majina huitwa moja baada ya jingine katika Bunge la watu 349. Pendekezo la mstari mmoja huweza kula sehemu kubwa ya saa. Mapendekezo kumi yakipitia njia hiyo, siku imekwisha, na mswada haujasogea hata ukurasa.

Jibu la Kimunya lilikuwa kikao maalumu. Kanuni humruhusu Kiongozi wa Wengi kumwomba Spika awaite wabunge wakiwa likizoni, na katika kikao cha namna hiyo hushughulikiwa tu jambo lililotajwa katika tangazo. Spika Justin Muturi aliwaita tarehe 29 Desemba 2021. Siku hiyo ukumbi uligeuka uwanja wa ngumi na mbunge mmoja akajeruhiwa usoni, aibu ambayo Bunge halikustahili kuibebesha nchi. Wakaitwa tena, na tarehe 5 Januari 2022 mswada ukapita, mapendekezo ya wapinzani yakiangushwa moja baada ya jingine. Seneti nayo iliupitisha mwezi huohuo bila kuubadilisha, kwa hiyo haikuhitajika kamati ya upatanishi. Kenyatta alitia saini tarehe 27 Januari.

Mgao wa fedha katika mswada huo nao haukuwa wa kubahatisha. Sheria mpya iligawa hazina kwa asilimia 70 kulingana na kura, 15 kulingana na wagombea wa makundi maalumu waliochaguliwa, 10 kulingana na idadi ya viongozi waliochaguliwa, na 5 kwa usimamizi. Pia ililegeza masharti yaliyokuwa yameviacha vyama vya Jubilee na ODM pekee vikinufaika. Chama kidogo kikawa na sababu ya kuupenda mswada hata kama hakikumpenda Odinga, na huo ulikuwa ustadi wa kutunga sheria.

Mkataba wa muungano sasa ulipaswa kumfikia Msajili angalau miezi 4 kabla ya uchaguzi. Azimio la Umoja–One Kenya ikasajiliwa Aprili 2022 kama chama cha muungano, na Odinga akagombea kwa tiketi yake. Mswada ulieleza vizuri namna ya kuingia katika chama cha muungano kuliko namna ya kutoka. Pamoja African Alliance ya Amason Kingi wa Kilifi na Maendeleo Chap Chap ya Alfred Mutua zilihamia Kenya Kwanza, muungano wa Ruto, mwezi Mei, zikaanza kuvutana na Azimio kuhusu mkataba zilioutia saini. Baada ya uchaguzi, Oktoba 2022, Spika Moses Wetang'ula aliwahesabu wabunge wa vyama kama hivyo upande wa Kenya Kwanza na kuutangaza muungano huo kuwa upande wa wengi. Februari 2025 Mahakama Kuu ilibatilisha uamuzi huo.

Kimunya hakuwamo Bungeni kuusikia ubishi huo. Agosti 2022 wapiga kura wa Kipipiri walikuwa wamekipa kiti hicho chama cha Ruto, UDA.