Thimlich Ohinga si ya Kabila Moja
Kabla niache chuo, nilijua majumba ya Warumi kuliko Thimlich Ohinga, na mimi ni wa Kisii, jirani tu. Juzi nikapanda matatu hadi Migori, kisha boda. Kuta za mawe matupu, bila simiti, zingine zinapita mita 3. Mlango ni mfupi, lazima uiname. UNESCO iliziorodhesha 2018. Shida ni vile tunazisoma: swali la kwanza huwa, "Ni za kabila gani?" Ilhali zimesimama tangu karne ya 16 hivi kwa sababu kila jamii iliyohamia humo, Wabantu kwa Waniloti, ilirekebisha palipobomoka. Sisi majirani bado tunabishana nani alifika kwanza. Enda uziangalie, kisha uniambie jiwe lipi ni la nani.