Moyo Haulipi Karo

Vuli ya 1991, jimbo la Texas lilikuwa na timu mbili za futiboli ya Kimarekani zilizoanza upya bila skolashipu hata moja. Ya kwanza ilikuwa ya kubuni. Filamu ya Necessary Roughness ilitoka Septemba mwaka huo: chuo kikubwa kinakamatwa na kashfa, wachezaji wa kununuliwa wanafukuzwa, kocha mpya anaambiwa ajaze timu na wanafunzi wa kawaida. Wachezaji ni wachache mpaka wanashambulia na kulinda wale wale. Kwotabeki ni mkulima wa miaka 34. Wanachapwa, wanachapwa tena, halafu mechi ya mwisho wanaiangusha timu inayoongoza nchi nzima. Mwisho wake unaujua kabla hujamaliza kununua bisi.

Timu ya pili ilikuwa ya ukweli. Prairie View A&M ni chuo cha serikali kaskazini-magharibi mwa Houston, kilichoanzishwa 1876 kwa ajili ya Wamarekani weusi, juu ya ardhi iliyokuwa shamba la watumwa. Mwaka 1990 chuo kilisimamisha timu kabisa kwa sababu ya matatizo ya pesa. Mwaka 1991 ikarudi uwanjani, bila skolashipu. Ilicheza mechi 11 na kupoteza zote 11. Ilifunga pointi 48 msimu mzima na kufungwa 617. Alabama State peke yao waliwapiga 92 kwa sifuri.

Na hapo ndio kwanza safari inaanza. Ushindi wao wa mwisho ulikuwa Oktoba 1989, dhidi ya Mississippi Valley State. Uliofuata ulikuja Septemba 1998. Katikati kuna mechi 80. Misimu saba kamili, 1991 hadi 1997, bila kushinda hata mara moja. Mtu angeweza kuingia mwaka wa kwanza, acheze miaka yake yote, ahitimu, aoe, apate mtoto, na bado timu yake ya chuo haijashinda.

Nimekuwa nikiitazama filamu hiyo na jedwali la matokeo ya Prairie View kama kazi mbili zinazosimulia kisa kimoja. Ukiniuliza ni ipi iliyoandikwa vizuri zaidi, nachagua jedwali. Hata hivyo, filamu haijakosea katika mambo mengi. Ilielewa kwamba pesa chafu zimejaa kwenye michezo ya vyuo. Ilielewa kwamba timu bila skolashipu ni timu ya watu wachovu. Uongo wake ni mmoja tu, lakini ndio unaobeba jengo zima: kwamba pesa zikitoka, moyo utajaza lile pengo. Kwamba ukipenda kitu vya kutosha, siku moja utamwangusha aliyelipwa kukipenda.

Jedwali linasema hapana. Linasema hapana mara 80.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu kuna watu wakisikia mechi 80 wanadhani Prairie View walizaliwa wabovu. Sivyo. Chini ya kocha Billy Nicks, chuo hiki kilitambuliwa kuwa bingwa wa taifa wa vyuo vya weusi mara tano: 1953, 1954, 1958, 1963 na 1964. Hapo ndipo alipotoka Otis Taylor, aliyefunga tachidauni iliyozima matumaini ya Minnesota Vikings kwenye Super Bowl ya Januari 1970. Ken Houston naye alitoka hapo, na leo yuko kwenye jumba la heshima la futiboli. Wakati huo vyuo vikubwa vya kusini havikuchukua wachezaji weusi. Kijana mwenye kipaji kutoka Texas alikuwa na mahali pachache pa kwenda, na Prairie View ilikuwa mojawapo.

Kisha milango ikafunguliwa. Jerry LeVias akapewa skolashipu SMU pale Dallas katikati ya miaka ya 60. Chuo Kikuu cha Texas, kilichokuwa bingwa 1969 kikiwa na timu ya wazungu watupu, kikampata mchezaji wake wa kwanza mweusi kwenye timu kuu mwaka uliofuata. Hilo lilikuwa jambo la haki, na hakuna mtu mwenye akili anayelitamani lisingetokea. Lakini haki hiyo iliingia kwa mlango mmoja na kutokea kwa mwingine ikiwa imebeba vijana. Vyuo vikubwa vilichukua wachezaji bora wa vyuo vya weusi bila kuvilipa chochote, na vile vidogo vikabaki na majengo, historia na bili. Grambling ya Eddie Robinson iliweza kuhimili vizuri kwa muda mrefu. Prairie View haikuweza. Sasa ongeza mwaka wa 1990, toa skolashipu zote, halafu wapeleke hao vijana wakacheze na Alcorn State ya Steve McNair, kwotabeki aliyekuja kuwa wa tatu kwenye kura za Heisman za 1994. Hiyo si mechi. Ni mtu mwenye panga kukutana na mtu mwenye tingatinga.

Hebu linganisha na Columbia, maana rekodi ambayo Prairie View waliivunja ilikuwa yao. Chuo hiki cha New York kilipoteza mechi 44 mfululizo, kuanzia 1983 hadi 1988. Columbia pia hawakuwa na skolashipu za michezo, kwa sababu ligi yao ya Ivy haizitoi. Lakini wapinzani wao hawakuwa nazo pia. Uwanja ulikuwa sawa, na wao walikuwa wabovu tu, basi. Prairie View walicheza katika daraja ambalo liliruhusu kila timu kuwa na skolashipu zaidi ya 60. Kushindwa kwa Columbia kulikuwa kichekesho cha matajiri: unapoteza Jumamosi, Jumatatu bado uko Columbia. Kushindwa kwa Prairie View kuliwekwa kwenye kapu lile lile la vichekesho, na hapo ndipo waandishi wa michezo waliponikera. Nambari mbili zikiwekwa kwenye orodha moja zinafanana. Ukiuliza nani alikuwa na nini mfukoni, zinaacha kufanana.

Kwa miaka hiyo yote Prairie View waliandikwa kwa namna mbili. Ya kwanza ni mzaha: timu mbovu kuliko zote Marekani, ha ha. Ya pili inajifanya ya heshima: angalia hawa vijana, hawana kitu, lakini hawakati tamaa, wana roho gani hii! Mimi namwogopa zaidi mwandishi wa pili. Yule wa mzaha angalau anakubali kwamba wanapigwa. Huyu wa pili anachukua kipigo anakigeuza kuwa tabia njema. Akishamaliza, hakuna anayeuliza tena skolashipu zilienda wapi, kwa sababu tayari tumepewa kitu kizuri zaidi cha kushangilia.

Sisi Wakenya aina hii ya hadithi tunaijua vizuri sana. Kila matokeo ya mtihani wa kitaifa yakitoka, runinga hutafuta yule mtoto mmoja aliyesoma kwa koroboi akapata alama za juu. Kamera inaingia nyumba ya mabati, mama analia, mwanasiasa anaahidi karo. Na wale wengine wote waliosoma kwa koroboi hiyo hiyo wakafeli? Hao hawana kamera. Ukiacha chuo katikati, kama mimi nilivyoacha, utaletewa hadithi ya huyo mtoto kama vile ni dawa. Watu hawaileti kwa ubaya. Lakini kuna swali limefichwa ndani yake: kama yeye aliweza, wewe ulikosa nini? Na jibu linalosubiriwa ni moyo. Hakuna anayetaka usema karo.

Ndiyo maana nilipoanza kutazama Last Chance U kwenye Netflix nilikuwa nimekunja ngumi. Mfululizo huo ulianza 2016 katika chuo cha East Mississippi, mji mdogo unaoitwa Scooba, na unafuata vijana waliotemwa na vyuo vikubwa au ambao alama zao hazikutosha. Kwa kiasi fulani, ni kazi nzuri kuliko Necessary Roughness mara kumi. Matukio bora hayako uwanjani. Yako kwenye ofisi ya Brittany Wagner, mshauri wa masomo, akiwafukuzana na wachezaji wakubwa kama milango ili waingie darasani na penseli. Hapo unaona biashara ilivyo: mwili wa kijana una thamani, lakini kuna karatasi inabidi ijazwe kwanza. Na misimu ya baadaye, kamera ilipohamia Independence huko Kansas, ilithubutu kubaki pale timu ilipokuwa inapigwa. Hiyo naipa heko.

Lakini hata Last Chance U inahitaji mlango wa kutokea. Kila kijana anapimwa kwa swali moja: atachukuliwa na chuo kikubwa au la? Kuna ngazi, kwa hivyo kuna hadithi. Prairie View wa miaka ya 90 hawakuwa na ngazi. Hakuna skauti aliyekuwa akienda kutafuta wachezaji kwenye timu iliyofungwa pointi 56 kwa mechi. Wachezaji walijua. Na bado kila mwaka, Agosti, kwenye jua la Texas, vijana walijitokeza mazoezini, wengine wakiwa wamelipa karo yao wenyewe ili waje kuangushwa chini na watu waliolipiwa.

Kwa nini? Sitaki kujibu kwa niaba yao, kwa sababu ndivyo wale waandishi wawili walivyofanya. Naweza tu kuonyesha kilichokuwa kwenye uwanja huo. Kulikuwa na bendi. Bendi ya Prairie View, Marching Storm, ilikuwa nzuri kiasi kwamba watu walikuja kwa ajili ya mapumziko. Kwenye vyuo vya weusi vya Marekani, mapumziko ni mechi nyingine kamili: tarumbeta, ngoma, wachezaji densi, bendi dhidi ya bendi. Robo mbili za kwanza ulivumilia, mapumziko ukasimama. Muongo mzima chuo hicho kilikuwa kikishindwa kwa dakika 60 za mchezo na kushinda kwa dakika chache katikati, kila Jumamosi. Na chuo chenyewe kilikuwa kimezoea mapambano makubwa kuliko mpira: wanafunzi wake walipigania haki ya kujiandikisha kupiga kura katika kaunti hiyo ya Waller mpaka kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1979 wakashinda. Mtu anayetoka mahali kama hapo huenda ana maana tofauti ya neno kushindwa. Jedwali halina safu ya vitu kama hivyo. Hiyo ndiyo kasoro yake, na ni kasoro ya kweli.

Sasa fika Septemba 1998. Wiki moja Prairie View wanacheza na Southern, na wakati wa mapumziko bendi mbili zinapigana. Ngumi, vyombo, kofia chini. Ligi inazifungia bendi zote mbili. Wiki inayofuata, tarehe 26, timu inasafiri hadi Oklahoma City kucheza na Langston, chuo kingine cha weusi, kidogo kuliko wao, cha daraja la chini. Wanashinda 14 kwa 12. Mechi 80 zimekwisha, na bendi haipo.

Soma tena hapo. Wale watu waliopiga muziki wakati wa kipigo, mwaka baada ya mwaka, hawakuwepo siku ya ushindi. Hakuna mwandishi wa filamu ambaye angekubali hiyo. Angeirudisha bendi kwa lazima, angeibadilisha Langston iwe timu inayoongoza nchi, angeongeza mvua. Ukweli ulileta mpinzani mdogo, tofauti ya pointi mbili, na kimya mahali ambapo tarumbeta ilipaswa kulia.

Prairie View walikuja kuwa mabingwa wa ligi yao 2009, mara ya kwanza tangu 1964. Najua kuna msomaji anayesema, si unaona, mwishowe waliomoka! Pole, lakini hapana. Kati ya timu ya 1991 na kombe la 2009 kulirudi skolashipu. Ukizitoa hizo kwenye hadithi umebaki na Necessary Roughness.

Siku moja mtu atatengeneza filamu kuhusu hawa watu, na naweza kukwambia sasa hivi kwamba itaishia Oklahoma City, kwa mwendo wa polepole. Mimi ningependa ile inayochagua Jumamosi yoyote ya 1994. Hakuna rekodi ya kumaliza, hakuna hotuba ya kocha inayobadilisha kitu. Kijana anavaa viatu, anaenda kucheza na McNair, anapigwa. Mapumziko bendi inapiga. Anarudi uwanjani robo ya tatu akijua vizuri matokeo. Jumatatu yuko kwenye foleni ya ofisi ya fedha, amechechemea kidogo, ana risiti mkononi.