Askari Asiye na Itikadi

Mwaka 2004 mtaalamu wa Kimarekani, Andrew Ilachinski, alitoa kitabu Artificial War kueleza EINSTein, programu ya kompyuta inayoigiza mapigano. Hatua iliyopigwa tunaikubali. Hesabu za Lanchester za mwaka 1914 zilipima majeshi kama mizani ipimavyo magunia. Humu kila askari wa bandia huona, huamua na kutenda, na vita huzaliwa na vitendo vya wengi.

Lakini askari huyo anasukumwa na nini? Kiini cha tabia yake ni namba sita: mvuto wa wenzake wazima, wa maadui wazima, wa majeruhi wa kila upande, na wa bendera mbili. Bendera hiyo ni alama ya mahali tu, si nchi. Hana kijiji wala shamba, na hajui anapigania nini.

Kuanzia 1967 kompyuta za Marekani zilivipa vijiji vya Vietnam Kusini alama kila mwezi; mwaka 1975 Saigon ikakombolewa. Kada ajifunze mbinu katika programu hizi. Asizitumie kupima moyo wa umma, maana moyo huo haukutiwa humo.