Uigaji na Upekee katika Uchoraji: Uhakiki wa Kazi za George Lilanga na Funzo Lake kwa Wachoraji wa Nachingwea na Ruangwa

Katika mijadala ya sanaa nchini, uigaji hutajwa aghalabu kuwa adui wa ubunifu. Mchoraji chipukizi huonywa asiige, kisha huachwa bila kuelezwa ajifunze kwa nani. Uhakiki huu unapinga msimamo huo kwa kuchunguza kazi za George Lilanga (1934–2005), msanii wa Kimakonde kutoka kusini mwa Tanzania, ukanda uleule zilimo wilaya za Nachingwea na Ruangwa. Hoja kuu ni kwamba upekee wa Lilanga haukutokana na kujitenga na wasanii wengine, bali na namna alivyowasoma.

Chemchemi yake ya kwanza ni uchongaji. Lilanga alianza akiwa mchongaji, katika jadi ambamo mkondo wa shetani, unaohusishwa na Samaki Likankoa tangu miaka ya 1950, ulikuwa umekwisha kuota mizizi. Alipokuwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, katika miaka ya 1970, aliwahamishia viumbe hao kwenye karatasi. Uhamisho huo ndio kiini cha mtindo wake. Mchongaji wa mpingo hufuata umbo la gogo. Karatasi haina gogo. Hivyo, mstari ulilazimika kubeba kazi iliyokuwa ya patasi: masikio yakatanuka, matumbo yakachomoza, vidole vikapungua idadi. Aidha, shetani wa mpingo aliyezoea kutisha peke yake sasa yumo kundini, akicheza, akigombana na kubeba mizigo kama jirani yeyote.

Chemchemi ya pili ni Edward Saidi Tingatinga (1932–1972), mzaliwa wa Tunduru, aliyeanza kuchora mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa za baiskeli. Lilanga alizipokea rangi hizo, lakini hakumpokea mnyama mmoja aliyesimama katikati ya ubao mtupu. Aliujaza ubao wote watu na vitimbi vyao.

Hata hivyo, mhakiki hapaswi kusifu tu. Soko lilipopanuka na wasaidizi kuongezeka, baadhi ya kazi za miaka yake ya mwisho zilirudia sura zilezile. Mtindo uliopatikana kwa jasho unaweza kugeuka muhuri, na msanii akawa mwigaji wa nafsi yake.

Funzo hili lina uzito kwa kijana wa Nachingwea au Ruangwa anayezifahamu kazi hizi kupitia picha za simu pekee. Akinakili twiga na Mlima Kilimanjaro kwa sababu ndivyo vinavyouzwa Dar es Salaam, atakuwa amechukua matokeo na kuacha njia. Twiga kwa kawaida haonekani kusini mwa Mto Rufiji. Mkorosho, shamba la ufuta na ngoma za jando vipo mlangoni pake. Hapana budi anakili, tena kwa bidii, lakini kila anakilipo ajiulize: msanii huyu alikuwa akitatua tatizo gani, na kwa kifaa kipi? Kisha alipeleke jibu hilo kwenye kitu ambacho msanii huyo hakukichora.

Kwa hiyo, swali la kumpima mchoraji si iwapo ameiga, bali ni kipi alichokiacha baada ya kuiga. Lilanga aliacha gogo, akaacha na mnyama mmoja; nafasi iliyobaki ndiyo iliyokuwa yake.