Kinachoingia na Kinachotoka: Tahakiki ya Nyaraka za Mabadiliko katika Lugha ya Python

Kila lugha hubadilika, lakini si kila lugha huandikiwa waraka wa kuyaeleza mabadiliko yake. Lugha za wanadamu hubadilika kwanza vinywani mwa wasemaji, na mwanasarufi huja nyuma akayaandika yale aliyoyakuta. Lugha za kuandikia programu za kompyuta aghalabu hufuata njia iliyo kinyume. Wenye lugha hushauriana, huamua, kisha hutoa toleo jipya; na tangu siku hiyo anayelitumia toleo hilo huwa chini ya sheria zake, azijue asizijue. Waraka unaotangaza mabadiliko hayo basi huwa na uzito ambao kitabu cha sarufi hakina. Makala haya yanakusudia kuzihakiki nyaraka za namna hiyo kwa kutumia mfano wa lugha ya Python, na kuonyesha kwamba ubora wake haupimwi kwa jinsi zinavyolisifu lile linaloingia, bali kwa jinsi zinavyomhudumia mtu mwenye maandishi ya zamani.

Python ilibuniwa na Guido van Rossum, Mholanzi, na ilitolewa kwa umma mara ya kwanza mwaka 1991. Toleo la 2.0 lilipotoka Oktoba 2000 liliandamana na waraka ambao jina lake, kwa tafsiri, ni “Kuna Nini Kipya katika Python”. Waandishi wake walikuwa A. M. Kuchling na Moshe Zadka, na Kuchling aliendelea na kazi hiyo hadi toleo la 2.7 la mwaka 2010. Pamoja na nyaraka hizi lipo daftari refu linaloorodhesha mabadiliko moja moja, hata marekebisho ya makosa madogo. Daftari ni kumbukumbu. Waraka ni masimulizi. Daftari hupokea kila kitu, waraka huchagua cha kusema, cha kutanguliza na cha kupitia kwa haraka. Penye uchaguzi pana hukumu, na hapo ndipo mhakiki anapopata la kusema.

Kasoro ya kwanza imo katika jina lenyewe. Neno “kipya” humwelekeza mwandishi kwenye zawadi na kumsahaulisha deni. Katika nyaraka nyingi za mfululizo huu, sehemu inayomweleza msomaji ni maandishi gani ya zamani yatakayohitaji kurekebishwa huwekwa karibu na mwisho, baada ya kurasa nyingi za sifa za mambo mapya. Mpango huo unamfaa anayeanza kazi leo. Haumfai mwenye programu iliyoandikwa miaka kumi iliyopita, ambaye haulizi amepewa nini bali amenyang’anywa nini.

Yafaa hapa kutofautisha mabadiliko yenye sauti na mabadiliko ya kimya. Mabadiliko yenye sauti ni yale yanayoifanya kompyuta ikatae programu ya zamani na kutoa taarifa ya kosa. Mabadiliko ya kimya huiacha programu iendelee kama kawaida, ila ikitoa jibu jingine. Toleo la 3.0, lililotoka Desemba 2008, lina mifano ya aina zote mbili. Amri ya kuchapisha, print, iligeuzwa kuwa tendo linalohitaji mabano. Aliyeiandika kwa desturi ya zamani alikataliwa papo hapo. Ugawanyaji wa namba kamili nao ulibadilishwa. Katika toleo la 2, 7 kwa 2 ilitoa 3, na baki ikatupwa. Katika toleo la 3 hutoa 3.5. Programu iliyogawa magunia 7 kwa watu 2, ikitegemea kwamba kila mmoja atapata magunia mazima, haikukataliwa na mtu. Iliendelea kufanya kazi, ikagawa nusu gunia.

Waraka wa 3.0, ulioandikwa na van Rossum mwenyewe, uliyapimaje mambo haya mawili? Kwa haki ni lazima kusema kwamba ni waraka mkweli kuliko wengi wa aina yake. Unakiri mapema kuwa hili ndilo toleo la kwanza kuvunja kwa makusudi upatanifu na yaliyotangulia. Sehemu yake ya kwanza yenye maelezo haihusu mapya hata kidogo, bali mambo yanayoweza kuwakwaza watu. Unakubali hata kwamba, katika kipimo kimoja cha kasi, toleo jipya lilikuwa nyuma ya toleo la 2.5 kwa kiasi cha asilimia 10. Si kawaida ya muuzaji kutangaza upungufu wa bidhaa yake mlangoni. Hata hivyo, ndani ya sehemu hiyo hiyo mizani imeinama. Amri ya kuchapisha imetangulizwa na kupewa mifano inayolinganisha la zamani na jipya. Ugawanyaji umepewa kifungu kifupi katikati ya orodha inayohusu namba. Chenye kelele kimeelezwa kwa urefu, na kilicho kimya kimeelezwa kwa ufupi. Ilipasa kuwa kinyume, kwa kuwa kosa lenye kelele hujieleza lenyewe.

Utetezi wa ufupi huo upo, nao una nguvu. Suala la ugawanyaji lilikuwa limekwisha kuelezwa kwa kirefu katika waraka wa toleo la 2.2, Desemba 2001, ambapo Kuchling aliliita badiliko lenye ubishi mkubwa kuliko yote ya toleo hilo, akatoa sababu zake na kuonyesha alama mpya ya kugawanya kwa kutupa baki. Aidha, toleo la 2.6 lilimpa mtumiaji njia ya kuomba maonyo kabla ya kuhama. Lakini utetezi huu unadhihirisha kasoro ya pili. Kila waraka huzungumza na msomaji aliyesoma waraka uliotangulia. Ule wa 3.0 unajilinganisha na 2.6 kwa maneno yaliyo wazi. Wasomaji halisi hawatembei hatua kwa hatua. Msaada kwa toleo la 2 ulikoma tarehe 1 Januari 2020, na wapo waliohama karibu na tarehe hiyo kutoka 2.7 moja kwa moja hadi 3.7 au 3.8. Kwa mtu kama huyo, sababu iliyotolewa mwaka 2001 ni kama barua iliyoandikiwa mtu mwingine.

Msomi wa Kiswahili anaweza kuipima hali hii kwa jambo alijualo. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 iliandika jina la lugha kuwa “Suahili”, na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930 ilikuja kusanifisha tahajia iliyo mbali na ile ya Krapf. Msomaji wa leo aifunguapo kamusi hiyo hasumbuki sana. Hujaziliza kwa akili yake, akapata maana iliyokusudiwa. Kompyuta haina huruma hiyo. Ama huyakataa maandishi ya zamani, ama huyasoma kwa sheria ya leo na kuyapa maana ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Kwa sababu hiyo mzigo unaobebwa na msomaji katika lugha ya wanadamu hapa hauna budi kubebwa na waraka.

Suala la tatu linahusu tofauti kati ya desturi na sheria, na hapa nyaraka za Python zinastahili sifa. Lugha hii ina chombo cha kuhifadhia taarifa ambacho huitwa kamusi, kwa kuwa kila thamani hutafutwa kwa neno lake. Katika toleo la 3.6, Desemba 2016, kamusi hiyo ilianza kuhifadhi mambo kwa mpangilio yalivyoingizwa. Waraka ulilieleza jambo hilo, lakini ukaonya kwamba ni namna tu ya utekelezaji ambayo haifai kutegemewa. Toleo la 3.7, Juni 2018, likatangaza kwamba mpangilio huo sasa ni sehemu rasmi ya lugha. Tabia ya kamusi katika matoleo hayo mawili ni moja. Kilichobadilika ni hadhi yake. Mwandishi asiye makini angesema mara ya kwanza kwamba kamusi “hufuata mpangilio”, na mara ya pili asingekuwa na la kusema. Hizi nyaraka mbili zimetenganisha kile kinachotokea na kile kinachoahidiwa, nao ni utenganisho ambao hata vitabu vya sarufi ya lugha za wanadamu havikosi kuuchanganya.

Katika miaka ya karibuni mfululizo huu umeongeza jambo jingine la kufaa. Waraka wa toleo la 3.12, Oktoba 2023, hautaji tu yaliyoondolewa, bali unaorodhesha pia yanayotarajiwa kuondolewa katika matoleo yajayo, kila jambo chini ya toleo lake. Mwenye maandishi ya zamani hupewa notisi kabla ya kubomolewa nyumba. Hapo jina la waraka limeanza kupungukiwa, kwani sehemu yake yenye manufaa makubwa haihusu kipya chochote.

Kutokana na hayo, waraka wa mabadiliko unaweza kupimwa kwa maswali matatu. Je, umeyapa mabadiliko ya kimya nafasi iliyo kubwa kuliko yale yenye sauti? Je, umerudia sababu kwa ajili ya msomaji aliyeruka matoleo? Na je, umetenga desturi na sheria? Nyaraka za Python hulijibu swali la tatu vizuri, la kwanza kwa nusu, na la pili kwa shida. Wahariri wa kamusi na wasanifishaji wa istilahi, ambao nao hutoa toleo baada ya toleo, wanaweza kuyageuza maswali haya kuelekea kazi zao wenyewe. Kwa maana mwanafunzi aliyejifunza kwa toleo la zamani anayo haki ya kuambiwa ni lipi limeondolewa, lini, na kwa nini.